Nani Amebaki Nje? Hotuba kwa Wanaojitolea Kuandaa Mkutano wa Programu Huria Kisumu

Hotuba hii niliitoa Kisumu mbele ya wenzetu waliojitolea kuandaa mkutano wa eneo la magharibi wa programu huria, yaani programu za kompyuta ambazo maandishi yake ya ndani, msimbo, yako wazi kwa yeyote kuyatumia na kuyabadilisha. Naiweka nzima kwa ajili ya wale wa Nakuru, Kitale na kwingineko ambao hawakuweza kufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, hamjambo? Hamjambo tena?

Nimefurahi kuwaona. Naona walimu kutoka Siaya, naona vijana wa Maseno, naona akina dada wa Kakamega, na pale nyuma kuna ndugu zetu wa Eldoret waliopanda gari alfajiri. Asanteni sana. Hakuna aliyelipwa kuja hapa leo, na hakuna atakayelipwa siku ya mkutano wenyewe.

Mmeniomba nizungumze kuhusu maandalizi: ukumbi, nauli, stima, intaneti, chakula. Wapo wanaoona haya kuwa mambo madogo, wakidhani kazi kubwa ni kutafuta wazungumzaji wenye majina. Mimi naamini kinyume chake. Mzungumzaji akikosa kufika, tutampata mwingine. Lakini tukikosea saa ya kufungua mkutano, au namna ya kulipa nauli, kuna watu ambao hawatakanyaga ukumbini. Tena hatutajua, kwa sababu mtu ambaye hakuja halalamiki. Kwa hiyo leo, kila jambo tutakalogusa, nitawauliza swali lile lile: nani amebaki nje?

Na mtu asije akatuambia kwamba programu huria ni kitu cha wageni. Mwaka 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, hapo Nandi, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa kompyuta. Kutokana na kazi hiyo, watu wa Moi University na wenzao wa Regenstrief Institute ya Indiana, Marekani, walianza mwaka 2004 kubuni mfumo mpya, na mfumo huo ukaanza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006. Huo ndio OpenMRS. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, unatumika katika nchi nyingi, na KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa ambao mnauona katika vituo vyetu vya afya, umejengwa juu yake.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba yule karani wa rekodi aliye Vihiga au Migori anatumia programu huria kila siku ya kazi. Anajua ni wapi mfumo unakwama foleni ikiwa ndefu. Anajua ni kisanduku gani kwenye fomu hakuna anayekijaza. Wale wanaoandika msimbo wanamhitaji kuliko anavyowahitaji wao. Je, karani huyo atakuja kwenye mkutano wetu? Tumempangia nafasi? Nataka tumweke mbele ya macho yetu tukiendelea.

Tuanze na tarehe.

Tukichagua Jumatano na Alhamisi, karani hatatoka kazini. Mwalimu hatatoka darasani, na ikiwa ni Novemba, anasimamia mtihani wa KCSE. Basi mtasema, tuchague Jumamosi, kila mtu yuko huru. Kila mtu? Hapa? Waadventista wako katika eneo hili tangu kituo cha Gendia kilipoanzishwa karibu na Kendu Bay mwaka 1906. Nendeni Kisii, nendeni Nyamira, nendeni Homa Bay, mtakuta familia baada ya familia ambazo Jumamosi ni Sabato na kompyuta haiguswi. Kisha kuna jambo jingine ambalo sote tunalijua: Jumamosi zetu ni za mazishi. Huwezi kumwambia mtu wa magharibi aache kumzika jirani yake aje kusikiliza habari za hifadhidata.

Haya, Jumapili basi? Asubuhi watu wako kanisani.

Nimesikia waandaaji wakisema hakuna siku itakayomfaa kila mtu, kwa hiyo tuchague moja tu, yaishe. Sikubaliani nao. FOSDEM, ule mkutano mkubwa wa programu huria wa Brussels ulioanza mwaka 2000 na unaoendeshwa na watu wa kujitolea hadi leo, hufanyika Jumamosi na Jumapili. Nasi tuchukue siku hizo mbili, ila tuzipange kwa macho yetu. Warsha za kufanya kwa mikono ziwe mara mbili: Jumamosi, kisha zirudiwe Jumapili kuanzia saa saba mchana. Mwadventista anakuja Jumapili na hajapoteza kitu. Aliyekuwa mazishini anakuja Jumapili. Wakufunzi watachoka, ndiyo. Tutafute wakufunzi wengi zaidi.

Kabla hamjafunga tarehe, ulizeni pia mji utakuwa na shughuli gani. Sikukuu ya Madaraka ya 2021 iliadhimishwa hapa Kisumu, uwanjani Mamboleo. Africities, mkutano wa miji ya Afrika, ilikuja Mei 2022. Siku kama hizo vyumba vya bei nafuu hujaa, na anayekosa kulala mjini si yule wa mtaa wa Milimani hapa mjini, ni yule anayetoka mbali Lodwar.

Sasa saa. Ratiba nyingi nilizoziona zinaanza saa mbili asubuhi kwa hotuba kuu. Mtu wa Busia atafikaje saa mbili? Aondoke saa tisa usiku? Na kama ni msichana, nani atamsindikiza hadi steji gizani? Hotuba kuu ya saa mbili husikilizwa na watu wanaoishi mjini, halafu waliobaki huingia mmoja mmoja kwa aibu, wakitafuta viti huku mlango ukilia. Tufungue milango saa tatu kwa chai, tuanze saa nne kamili. Tumalize saa kumi. Yule wa Kakamega afike nyumbani kabla ya giza.

Saa kumi ina sababu nyingine. Mnajua mvua ya ziwani: joto linapanda mchana kutwa, alasiri mawingu yanajikusanya, kisha inashuka yote kwa pamoja. Nilikuwa katika ukumbi mmoja wa mabati, hauna dari, na mama mmoja alikuwa akifundisha jinsi ya kulinda nywila za watumiaji. Somo zuri mno. Mvua ilipoanza, waliokaa safu ya pili waliona midomo tu. Akapaza sauti hadi ikakauka. Mwishowe akachukua chaki akaanza kuandika ubaoni kila alichotaka kusema, neno kwa neno, na watu wakasimama wote wakasogea mbele kusoma. Rekodi ya kikao kile ni mngurumo mtupu. Wale waliotegemea kuitazama baadaye hawakupata kitu.

Kwa hiyo mkienda kuangalia ukumbi, msitazame viti tu. Inueni macho, mwulize: dari ipo? Kama haipo, mazungumzo yote yawe asubuhi, na mchana watu wafanye kazi za mikono mezani, ambako mkufunzi anainama karibu na mwanafunzi na mvua inyeshe itakavyo. Rekodi zifanyike kwa maikrofoni ya kubana kifuani, si ile ya kamera iliyo nyuma ya ukumbi. OBS Studio ni programu huria ya kurekodi video na inatosha. Hifadhini kwenye diski kwanza, mambo ya kurusha moja kwa moja yaje baadaye kama mtandao unaruhusu.

Ndugu zangu, sasa nauli. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hili linaniuma.

Kuna binti mmoja, mwanafunzi, kwao ni upande wa Mbita. Alialikwa kwenye warsha hapa mjini. Mwaliko ulikuwa mzuri: njoo, nauli yako utarudishiwa, hifadhi risiti. Mama yake akakopa kwenye chama chao cha akiba. Binti akavuka kwa feri kutoka Mbita hadi Luanda K'Otieno, akapanda matatu kupitia Ndori, akafika. Sasa niambieni nyinyi mnaosafiri: makanga wa njia ile atakupa risiti ya karatasi? Ana mlango wa kufunga, ana abiria wa kuita, ana mikungu ya ndizi ya kufunga juu. Binti alifika na tiketi ya feri peke yake. Akajaza fomu. Pesa zilikuja baada ya miezi mitatu, nazo zilikuwa pungufu, kwa kuwa safari ya matatu haikuwa na ushahidi. Miezi yote hiyo, kila chama kilipokutana, mama yake aliulizwa deni lake mbele ya wenzake.

Mwaka uliofuata walimwalika tena. Hakujibu. Waandaaji wakaandika kwamba vijana wa kike hawaonyeshi hamu.

Hawaonyeshi hamu! Binti aliyevuka ziwa!

Nani alibaki nje hapo? Na nani alimweka nje? Hakufungiwa mlango na mtu yeyote. Alifungiwa na utaratibu wa malipo.

Kwa hiyo ombi langu ni hili. Nauli ya kuja itumwe kwa M-Pesa jioni kabla ya safari. Nauli ya kurudi itumwe saa sita mchana, mtu angali ukumbini, ili asikae akihesabu sarafu badala ya kusikiliza. Tuweke viwango vya kila njia, vya wazi: Busia kiasi hiki, Kitale kiasi hiki, Mbita kiasi hiki pamoja na feri. Tuwapigie simu watu wa njia hizo tuwaulize nauli ya siku yenyewe, maana wikendi na sikukuu hupanda. Risiti tusiulize. Ujumbe wa M-Pesa ni kumbukumbu tosha ya hesabu zetu, na jumla ya kila njia tuitangaze hadharani baada ya mkutano, bila majina ya watu.

Najua kuna mwenzetu hapa atauliza: je, wakila nauli wasije? Mmoja wawili watafanya hivyo. Hasara hiyo tuibebe sisi, tusimbebeshe mama wa Mbita. DebConf, mkutano wa mradi wa Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, unaozunguka dunia tangu 2000, una mfuko wa kuwasaidia watu kwa nauli, malazi na chakula, na umeendelea mwaka baada ya mwaka. Sisi wenye safari fupi tutashindwaje?

Twende kwenye stima na intaneti. Mnakumbuka usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023? Karibu nchi nzima iliingia gizani, na wengi walilala hivyo. Hatuwezi kupanga kana kwamba siku kama ile haitarudi. Mwenye ukumbi akikwambia jenereta ipo, sema asante, kisha mwombe azime swichi kuu mkiwa pale. Jenereta nyingi za kumbi huwasha taa na vipaza sauti, lakini soketi za ukutani hubaki zimekufa. Ulizeni mafuta yananunuliwa na nani, na nani ana ufunguo wa chumba chake siku ya Jumapili.

Pigeni hesabu ya mzigo. Laptopu 40 zenye chaja za wati 65 ni wati 2,600 zote zikivuta kwa pamoja. Soketi moja ya ampea 13 inabeba takriban wati 3,100. Ukiunganisha ekstensheni moja kwenye nyingine hadi mwisho wa chumba, zote zikitegemea soketi moja, bado hujapita kiasi hicho. Kisha mtu mwema anakuja na birika la umeme la wati 2,000 kwa ajili ya chai ya mkufunzi. Fyuzi inaungua, na darasa zima linakosa stima. Birika likae jikoni.

Kuhusu mtandao, nina kisa kifupi. Ukumbi mmoja, watu kama mia mbili, na kufikia chai ya saa nne hakuna simu mpya iliyoweza kuunganika. Kila mtu akailaumu kampuni ya intaneti. Mwanafunzi mmoja akafungua mipangilio ya ruta, kifaa kinachogawa mtandao ukumbini, akakuta njia ya kwenda intaneti haina msongamano wowote. Tatizo lilikuwa anwani, yaani namba ambayo kila kifaa hupewa ili kiingie mtandaoni. Ruta ilipangiwa anwani 254 tu, na kila kifaa kilipewa anwani ya kukaa nayo siku nzima. Watu mia mbili, kila mmoja na simu na laptopu, ni vifaa mia nne. Hata aliyekwenda zake saa tatu bado alikuwa ameshikilia anwani. Kijana akapanua mtandao hadi anwani 1,022, akapunguza muda wa kushikilia uwe nusu saa, na mambo yakafunguka. Nani alikuwa amebaki nje? Waliochelewa kufika. Wale wale wa mbali!

Na tusiwalazimishe watu kupakua vitu vizito siku ile. Faili ya megabaiti 700 ikipakuliwa na watu 60 ni gigabaiti 42. Kwenye laini ya megabiti 50 kwa sekunde, hiyo ni karibu saa mbili, tena kama hakuna mwingine anayegusa mtandao. Tuweke kompyuta moja ukumbini yenye nakala ya kila kitu kinachohitajika katika warsha, watu wachukue kutoka hapo. Tuwe na flashi pia. Mtu mwenye laptopu kuukuu aliyonunua mtumba asiambiwe “subiri” hadi kikao kiishe.

Chakula. Nitasema machache. FOSDEM haina usajili, unaingia tu, na kwa hiyo haiwezi kumlisha kila mtu, watu hujinunulia. Hapa kwetu huwezi kumwita mtu kutoka Bungoma umwache na njaa. Basi tusajili watu, na siku chache kabla tuwapigie simu kuwathibitisha, ili mpishi apewe idadi ya kweli. Samaki, kuku, sukuma wiki, ugali, na maharagwe kwa asiyekula nyama. Ila kuna jambo ambalo wapangaji hulisahau: maji ya kunawa. Mtu mmoja hutumia kama nusu dakika kwenye mfereji. Watu 200, mfereji mmoja, ni dakika 100. Saa ya chakula imekwisha na watu 80 bado wako kwenye foleni. Tukiweka mitungi minne yenye mifereji, ni dakika 25. Mitungi minne, jamani! Ni kitu cha kuazima kanisani au shuleni. Na foleni ikipungua, watu wanapata muda wa kukaa pamoja. Karani wetu wa Vihiga anakaa karibu na kijana anayeandika msimbo, anamwonyesha kwenye simu ile fomu inayomsumbua. Mazungumzo hayo ndiyo mimi huja kuyatafuta kwenye mikutano hii.

Kuhusu usajili wenyewe, tuombe jina, namba ya simu, mahali anapotoka, na chakula asichokula. Basi. Namba ya kitambulisho ya nini? Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa za watu ni dhamana. Orodha ya namba za simu isizunguke kwenye vikundi vya WhatsApp.

Namalizia na sisi wenyewe.

Kazi ya kujitolea inahitaji mpango mkali kuliko kazi ya mshahara, kwa sababu hakuna anayeweza kumwamuru mwenzake. Mwaka mmoja, katika mkutano niliosaidia, asubuhi tulikuta mlango wa stoo umefungwa. Ndani mlikuwa na projekta, kadi za majina, ekstensheni, kila kitu. Ufunguo ulikuwa na mwenzetu mmoja, na usiku ule alikuwa amepata simu kwamba shangazi yake amefariki. Alikuwa njiani kwenda Ugunja. Nani angemlaumu? Aliuacha ufunguo kwa bodaboda aliyemwamini, na yule bodaboda akatuletea, akakataa hata kulipwa. Lakini kosa halikuwa la mfiwa. Kosa lilikuwa ni kazi yenye jina la mtu mmoja.

Kila kazi iwe na majina mawili. Mlango, majina mawili. Jenereta, majina mawili. Mpishi, nauli, steji, maikrofoni, majina mawili mawili. Na yule wa pili awe amefanya kazi hiyo kwa mikono yake angalau mara moja kabla ya siku yenyewe. Kila kazi iandikwe mahali ambapo sote tunaweza kusoma: nani anapigiwa simu, ufunguo uko wapi, pesa kiasi gani zimetoka. Tunawaambia watu msimbo uwe wazi ili mwingine auendeleze. Mpango wetu pia uwe hivyo, ili wenzetu wa Nakuru wakitaka kuandaa wao mwaka ujao wauchukue, wabadilishe palipo na Kisumu, waendelee.

Na zamu ziwe fupi. Mtu aliyejitolea naye amekuja kujifunza. Kama umemweka mlangoni siku zote mbili, anasikia makofi tu kutoka ndani, huyo naye umemwacha nje. Kila mmoja wenu achague kikao anachokitaka, na zamu zipangwe kukizunguka. Ale chakula cha moto kama wengine. Na awepo mtu, naye ana jina na namba ya simu iliyobandikwa ukutani, wa kumpokea yeyote atakayesumbuliwa au kutishwa, mwanamke au mwanamume. Majina mawili hapo pia.

Karatasi za kujiandikisha kazi ziko mezani pale karibu na dirisha. Ya nauli bado haina mtu wa njia ya Kitale wala ya Kisii. Ya stima ina jina moja tu. Ya kuwapokea watu steji imejaa mchana wote, lakini zamu ya kwanza ya asubuhi ni tupu, na magari ya kwanza kutoka Busia yatafika wakati huo. Nani anaichukua? Na nani atakuwa wa pili wake?